Kuipima Pumzi ya Ziwa Nyasa

Ziwa Nyasa lina kina cha mita 700 hivi, lakini samaki wake wote wanaishi katika mita 250 za juu, na mara nyingi hata pungufu ya hapo. Kuanzia hapo kwenda chini maji hayana oksijeni. Hakuna samaki, hakuna kaa, hakuna konokono. Kuna bakteria waliozoea kuishi bila hewa, na kuna gesi ya salfa yenye harufu ya yai viza. Mtu aliyesimama ufukweni Mbamba Bay anaona ziwa moja. Kwa kweli yako mawili, moja limelala juu ya jingine, na mpaka kati yake hauonekani kwa macho. Unajulikana kwa kupima tu.

Habari za kupima huko ndizo ninazotaka kuzisimulia, maana ndiyo kazi iliyonilea. Nimezaliwa Liuli, binti wa mvuvi na wa mama aliyeanika dagaa aina ya usipa. Nikasomea ufundi wa maabara, nikaajiriwa katika mambo ya uvuvi, na sasa nimestaafu ninaishi Mbinga mjini, huku juu kwenye baridi na kahawa. Wajukuu wakisikia kwamba bibi yao alikuwa akilipwa mshahara kwa kupima hewa iliyomo majini, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Kwao hewa iko juu na maji yako chini, mambo yameisha. Ninayaandika haya kwa ajili yao, na kwa ajili ya yeyote aliyekulia ufukwe huu bila kuambiwa kilichomo chini yake.

Kipimo cha kwanza kilikuwa moto

Kabla ya kemia kulikuwa na koroboi. Wachimba visima wa kwetu hawakushuka shimoni asubuhi bila kutanguliza taa. Waliifunga kwa kamba, wakaiteremsha taratibu, wakainama kuitazama. Mwanga ukinywea na kufa, hakuna aliyeshuka. Walichota maji wakayamwaga shimoni mara kadhaa ili kuitikisa hewa, kisha wakajaribu tena.

Wazee wale walikuwa wanapima oksijeni. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 hivi. Ikishuka hadi karibu asilimia 16, mwali wa taa ya mafuta huzimika, ilhali mtu bado anaweza kusimama ingawa akili yake imeanza kumtoka. Nafasi hiyo ndogo kati ya kuzimika kwa taa na kuanguka kwa mtu imeokoa roho nyingi duniani. Huko Uingereza, Humphry Davy alitengeneza taa ya wachimba makaa mwaka 1815, yenye mwali uliozungushiwa wavu wa waya. Aliikusudia dhidi ya gesi inayolipuka, lakini wachimbaji waliitumia pia kama wazee wetu walivyoitumia koroboi: mwali ukififia, rudini.

Makaa ya mawe si mageni katika nchi yetu. Mjerumani Wilhelm Bornhardt, mtaalamu wa miamba, alizunguka huku katika miaka ya 1890 na kitabu chake kikachapishwa mwaka 1900. Katika miaka ya 1930 G. M. Stockley akaandika juu ya makaa ya bonde la Ruhuhu. Uchimbaji wa kibiashara huku kwetu umekuja juzi tu. Kampuni ya Tancoal ilianza kuchimba Ngaka, wilayani Mbinga, mwaka 2011. Mgodi ule ni wa wazi, hakuna anayeingia chini ya ardhi. Lakini makaa yaliyorundikwa hayatulii. Yanaifyonza oksijeni polepole na kupata joto, na yakifungiwa mahali pasipopitisha hewa, kama ndani ya tumbo la meli, yanaweza kuimaliza oksijeni bila moshi wala harufu. Anayeingia huanguka kabla hajajua kimempata nini. Ndiyo maana wafanyakazi wa mahali pa namna hiyo huvaa kifuani kifaa kidogo kinachopiga kelele oksijeni ikishuka chini ya asilimia 19.5.

Basi kupima oksijeni kuna njia mbili: ya hewani na ya majini. Ya hewani ilianza na moto na ikabaki na moto kwa muda mrefu, kama nitakavyoeleza. Ya majini ilianza na kemia, na ndiyo nitakayoanza nayo.

Kungu, meli na mwaka 1939

David Livingstone alifika kusini mwa ziwa Septemba 1859. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1865 alieleza mawingu meusi ya wadudu yaliyosimama juu ya maji kama moshi, na mikate ambayo watu wa ziwani waliitengeneza kwa wadudu hao. Aliionja. Sisi tunawajua: ni kungu. Wingu la kungu likivuma kuja nchi kavu unafunga mdomo na kufunika sufuria, na mwenye akili anatoa ungo.

Ambacho Livingstone hakuweza kujua ni mahali kungu anapotoka. Kiluwiluwi wake anaishi majini, ni mwangavu kiasi kwamba ukimweka kiganjani unaona mistari ya mkono wako kupitia mwili wake. Usiku anapanda juu kutafuta chakula. Mchana anashuka chini sana, hadi karibu na pale oksijeni inapokwisha, kwa sababu samaki wanaomtafuta hawawezi kumfuata huko. Anavumilia uhaba wa hewa ili asiliwe. Watafiti walikuja kuyaeleza haya vizuri katika miaka ya 1990. Lakini mkate wa kungu uliliwa vijijini vizazi na vizazi, na kila tonge lilikuwa limetoka kwenye mpaka ule ambao hakuna aliyeuona.

Baba yangu hakuwa na kamba ya mita 250, wala hakuwa na sababu ya kuwa nayo. Usipa waliufuata mwanga wa karabai juu usiku wa giza, mbasa walipandia mito wakati wa mvua, na magege walikuwa karibu na nchi kavu. Maarifa yake yalitosha kazi yake. Maji ya chini kabisa yalihitaji mtu mwenye meli, kamba ndefu na mshahara usiotegemea samaki.

Meli ilikuja mapema. Hermann von Wissmann, meli ya Wajerumani, ilielea ziwani kuanzia mwaka 1893. Daktari Friedrich Fülleborn, aliyekaa Langenburg, kaskazini mwa ziwa, alikusanya viumbe wadogo wa majini kwa wavu laini mwishoni mwa karne ya 19, na sampuli zake zikasomwa Ujerumani. Meli yenyewe watu wa Liuli tunaikumbuka kwa jambo jingine. Tarehe 13 Agosti 1914 ikiwa imepandishwa ufukweni kwetu kutengenezwa, pahali Wajerumani walipopaita Sphinxhafen, ilipigwa mizinga na meli ya Waingereza, Gwendolen. Vita Kuu ya Kwanza ikawa imefika ziwani.

Vipimo vya maana vya maji ya chini vilikuja na utafiti wa mwaka 1939. Kate Bertram, H. J. H. Borley na Ethelwynn Trewavas walifanya uchunguzi wa samaki na uvuvi wa ziwa, ripoti yao ikatoka mwaka 1942. Upande wa maji ulikuwa wa R. S. A. Beauchamp. Alipima joto na kemia ya maji kwa vina mbalimbali, akaandika kwa ufupi katika jarida la Nature mwaka 1940, na takwimu zake kamili zikachapishwa mwaka 1953. Baadaye ndiye aliyekuwa mkurugenzi wa kwanza wa shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki kule Jinja.

Miaka ya 1954 na 1955 kikundi kingine kilipiga kambi Nkhata Bay kuchunguza kaskazini mwa ziwa. Ripoti ya Jackson, Iles, Harding na Fryer ilitoka mwaka 1963. Mwaka 1974 D. H. Eccles akaeleza jinsi maji ya ziwa hili yanavyokaa kwa tabaka na kwa nini hayachanganyiki. Angalia majina ya vituo: Nkhata Bay, Monkey Bay, na baadaye Senga Bay. Vyote viko ng'ambo, Malawi. Nkhata Bay ndiyo jirani yetu hasa. Boti ya Mbamba Bay ikivuka inafikia pale. Ziwa ni moja, lakini daftari lake limeandikwa zaidi upande wa magharibi.

Na jambo lenyewe ni jepesi kulieleza. Maji ya juu yana joto la nyuzi 27 hadi 29 wakati wa kiangazi cha Novemba na Desemba, na hushuka hadi 23 au 24 wakati wa baridi. Maji ya chini yako nyuzi 22 na ushei mwaka mzima. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini katika maji ya uvuguvugu inatosha kuyafanya ya chini yawe mazito na yabaki chini. Upepo wa kusi, ambao ndugu zetu wa Malawi wanauita mwera, unavuma Mei hadi Agosti na kulitikisa ziwa, lakini nguvu yake haifiki sakafuni. Oksijeni huingia kutoka hewani na kutoka kwa mimea midogo ya juu. Vinavyokufa vinazama, vinaoza, vinaila oksijeni ya chini, na hakuna ya kuja kuziba pengo. Kwa sababu hiyo hiyo matope ya sakafuni hayavurugwi na mdudu yeyote. Mwaka 2005 wataalamu walichimba matope hayo mahali penye maji ya mita 590 hivi, wakapenya mita 380 chini ya sakafu, na wakasoma humo historia ya mvua na ukame wa zaidi ya miaka milioni moja.

Chupa ya kioo na tone la mwisho

Kifaa nilichokutana nacho kazini kilibuniwa Budapest mwaka 1888 na Lajos Winkler, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Si mashine. Ni chupa ya kioo yenye kizibo cha kioo na chupa tatu za dawa.

Tuseme tuko mbali na Liuli, maji makuu, injini imezimwa. Unateremsha mtungi wa sampuli uliofunguliwa pande zote mbili. Kamba ikifika mita unazotaka, unaachia kipande cha chuma kitelezee kwenye kamba. Kikigonga mtungi, unafunga. Unavuta. Kuvuta mita 250 za kamba yenye maji kwa mkono ni kazi, na vijana wawili hupokezana. Mtungi ukifika juu unaingiza bomba lake hadi sakafu ya chupa ya kioo, unaacha maji yajae yafurike, ili hewa ya nje isiguse yale uliyoyatoa chini. Hapo ukizembea umepima hewa ya mtumbwini.

Kisha unatia dawa ya manganizi, unatia dawa ya pili yenye magadi makali na iodidi, unafunga kizibo na kuipindua chupa. Maji yaliyochotwa juu yanafanya wingu la rangi ya kahawia, linashuka taratibu. Hiyo ni oksijeni imenaswa. Maji ya mita 250 yanafanya wingu jeupe kama maziwa, na linabaki jeupe. Mara ya kwanza nilipoliona wingu lile jeupe sikusema kitu. Nilizipanga chupa kwa mstari ubaoni, kutoka juu kwenda chini: kahawia, kahawia, kahawia hafifu, rangi ya pembe, nyeupe. Nikawa ninaliangalia ziwa la baba yangu limekatwa kama keki.

Baadaye unatia asidi, wingu linayeyuka na maji yanakuwa ya manjano. Maabarani unadondosha thiosalfeti kutoka kwenye bureti, unatia wanga maji yageuke buluu, unadondosha tena tone kwa tone hadi buluu itoweke ghafla. Kiasi ulichodondosha ndicho jibu. Kwa maji ya juu ya ziwa letu, yenye nyuzi 25 na kwa mwinuko huu wa karibu mita 475 kutoka usawa wa bahari, hesabu ya maji yaliyoshiba hewa ni kama miligramu 7.8 kwa lita. Ukishuka, namba inashuka, mpaka inafika sifuri.

Njia hii ni ya zaidi ya miaka 130 na hadi leo ndiyo hakimu wa vifaa vipya. Ubaya wake ni kwamba inamtaka mtu. Chupa moja ni kina kimoja na saa moja tu, na bila mwenye mikono makini hakuna jibu.

Mmarekani Leland Clark ndiye aliyefungua mlango mwingine, mwaka 1956. Alichukua waya wa platinamu akaufunika kwa utando mwembamba wa plastiki. Oksijeni inapenya utando, inafika kwenye platinamu, na mkondo mdogo wa umeme unaonyesha wingi wake. Clark aliikusudia kwa damu ya wagonjwa, lakini watu wa maji wakaidaka. Mita ya aina hiyo ikishushwa ziwani inakusomea namba papo hapo. Ila ina mambo yake: utando unachanika, maji ya dawa ndani yanakauka, na yenyewe inakula oksijeni inayoipima, hivyo lazima uitikisetikise kwenye maji. Katika miaka ya 1990, wakati mradi wa Uingereza na nchi za SADC ulipokuwa na meli ya utafiti iitwayo Usipa, na baadaye mradi wa bioanuwai wa ziwa, vifaa vya kushusha kwa waya vilikuwa vimeshakuwa vya kawaida kwa wenye uwezo. Vya sasa vingi vinatumia mwanga: rangi maalumu inamulikwa, inang'aa, na oksijeni ikiwepo mng'ao huo unapungua.

Sensa iliyopo kila gereji

Njia ya hewani ilibaki na moto. Ukitaka kuiona, huna haja ya kwenda chuo kikuu. Nenda gereji yoyote hapa Mbinga.

Mwaka jana gari la mwanangu liliwasha taa ya injini na kuanza kunywa petroli. Fundi, kijana mdogo, alinisalimu, "Shikamoo mama," akaingia uvunguni, akatoka na kidude cha chuma chenye ukubwa wa kidole gumba, kimejaa masizi. "Sensa ya oksijeni hii, mama. Imekufa hita." Ilikuwa na waya nne. Akanionyesha mbili. "Hizi ni za kuipasha moto tu. Bila joto haisomi kitu."

Alisema kweli. Ndani ya sensa ile kuna kauri ya zirkonia. Walther Nernst, Mjerumani, aligundua mwishoni mwa karne ya 19 kwamba kauri ya namna hiyo ikipata moto inapitisha umeme, akatengeneza taa kwayo. Ikiwa na oksijeni nyingi upande mmoja na kidogo upande wa pili, inatoa volti, na volti hiyo inasema tofauti ni kiasi gani. Kampuni ya Bosch iliitengeneza kwa ajili ya magari, na Volvo wakaanza kuifunga mwaka 1976 ili injini ichanganye petroli na hewa sawasawa. Leo kila Noah inayopanda kona za kutoka Mbamba Bay kwenda Mbinga ina kipimo cha oksijeni kwenye bomba la moshi, na kinafanya kazi kikiwa na zaidi ya nyuzi 300.

Vihisi, yaani sensa, vya oksidi za metali vilifuata mkondo huo huo. Mwaka 1962 huko Japani, Tetsuro Seiyama na wenzake walionyesha kwamba utando wa oksidi ya zinki hubadilisha ukinzani wake wa umeme ukikutana na gesi, na Naoyoshi Taguchi akatumia oksidi ya bati kutengeneza vihisi vya kuuza. Siri yake ni hii: oksijeni ikitua juu ya oksidi ya bati inanyang'anya elektroni, na umeme unapita kwa shida zaidi. Lakini lazima kipashwe nyuzi 200 hadi 500. Kikiwa baridi, oksijeni iliyotua haiondoki upesi, na kifaa kinaendelea kukuambia habari za jana.

Moto una gharama. Betri inakwisha haraka, mahali penye gesi ya kulipuka ni hatari, na huwezi kuweka kitu cha nyuzi 300 kwenye pakiti ya samaki au puani mwa mtoto. Kifaa kile cha kifuani cha wafanyakazi wa makaa kimekwepa moto kwa njia nyingine: ndani yake kuna risasi inayogeuka oksidi kidogokidogo na kutoa umeme. Hakihitaji joto, lakini kinajila chenyewe, na baada ya miaka miwili hivi ni cha kutupa.

Punje ndogo, moto mdogo

Hapo ndipo nano ilipoingia. Nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita. Mwaka 1991 kikundi cha Noboru Yamazoe, huko Japani, kilionyesha kwamba kihisi cha oksidi ya bati kinakuwa chepesi wa kuhisi ghafla punje zake zikipungua chini ya nanomita 6 hivi. Sababu ni rahisi ukishaiona. Oksijeni iliyotua inaweza kunyonya elektroni kutoka unene wa nanomita 3 tu chini ya ngozi ya punje. Punje ikiwa kubwa, kiini chake hakina habari. Ikiwa nanomita 6, pande zote mbili zimekutana katikati, hakuna kiini kilichobaki, na punje nzima inajibu.

Mwaka 2000 Philip Collins na wenzake kule Berkeley, Marekani, waliandika katika jarida la Science kwamba mirija midogo ya kaboni hubadilisha tabia yake ya umeme ikiguswa na oksijeni, kwenye joto la kawaida la chumba. Tangu hapo maabara nyingi duniani zimejaribu vitu vya namna hiyo: mirija ya oksidi ya titani, nyuzi za oksidi ya zinki, punje za bati zilizotiwa niobi au platinamu. Wengine badala ya kukipasha kihisi moto wanakimulika kwa mwanga wa zambarau usioonekana, ili mwanga ufanye kazi ya joto ya kuibandua oksijeni iliyong'ang'ania.

Nisiwadanganye: vifaa hivyo vingi bado viko maabarani. Unyevu ni adui yao mkubwa. Mvuke unafunika ngozi ile ile ambayo oksijeni ingetua, na mtu wa Mbamba Bay anajua unyevu wa Februari ulivyo. Vingine vinachukua dakika nyingi kurudi sifuri, vingine vinachanganya oksijeni na gesi nyingine, na karibu vyote usomaji wake unapotoka polepole kadiri siku zinavyokwenda. Tena vinahisi hewa. Ili visome ziwa lazima viwekwe nyuma ya utando unaozuia maji na kupitisha gesi, kama alivyofanya Clark.

Lakini ninaona kwa nini vinatuhusu sisi kuliko wengine. Mashine za hospitali zinazochuja oksijeni kutoka hewani huchoka baada ya muda na kutoa hewa dhaifu huku zikinguruma vilevile. Kihisi cha bei ndogo kisichokula umeme kwenye kila mashine kingemwambia muuguzi wa zahanati ya ufukweni ukweli wake. Na kamba moja yenye vihisi kila mita 25, inayotumia betri ya sola, ingetuambia mchana na usiku mpaka wa ziwa uko wapi, bila vijana wawili kuvuta kamba. Nanoteknolojia si ndoto kwa Mtanzania. Mwaka 2015 Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi kwa chujio la maji linalotumia vitu hivyo vya nano.

Daftari

Mwaka 2005 Martin Vollmer na wenzake walichapisha jambo lililonifanya nikae kitako. Maji ya chini ya ziwa letu, chini ya mita 300, yalipata joto la nyuzi 0.7 kati ya mwaka 1939 na 1999. Ongezeko hilo linaonekana dogo, lakini ni kubwa kwa maji ambayo hayaonani na jua, na linahusu moja kwa moja jinsi tabaka zinavyochanganyika, kiasi cha rutuba kinachopanda, na hatimaye usipa anayeanikwa kwenye vichanja vya Lundu na Lituhi.

Walijuaje? Kwa sababu mtu alipima mwaka 1939, akaandika kina, tarehe na namba, na daftari likahifadhiwa. Vipimajoto vya Beauchamp vilikuwa vya zebaki na chupa zake zilikuwa za mtindo wa Winkler. Leo hakuna anayevionea fahari. Namba zake ndizo zinazotumika.

Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, makao yake Mbamba Bay, na lami imeshafika. Taasisi ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, iliyoundwa mwaka 1980, ina kituo Kyela, kaskazini kabisa mwa ziwa. Ufukwe wetu wa Ruvuma, kuanzia Lituhi hadi mpaka wa Msumbiji, unastahili kituo chake cha kupima, chenye mtu wa kudumu na boti yenye mafuta.

Kwa walimu wa kemia wa sekondari za ufukweni nina ombi ambalo halihitaji bajeti ya wizara. Msisubiri kihisi cha nano. Chupa ya Winkler na dawa zake ni vitu vya maabara ya shule. Chagueni mahali pamoja, vina vitatu ambavyo kamba yenu inafika, siku ile ile kila mwezi, na mwanafunzi aandike kwenye daftari gumu kwa wino. Vihisi hivyo vikija, na vitakuja, vitahitaji namba za zamani za kulinganishia. Ng'ambo wanazo. Upande wetu lazima tuanze kuziandika sisi wenyewe.